Siki ya pilipili ya kutengeneza nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Siki ya pilipili ni ile chupa inayokaa mezani kwa muuza mishikaki, pembeni ya karai la viazi na karibu na sufuria ya supu ya pweza. Pilipili zimelowa ndani ya siki mpaka siki yenyewe imechukua ukali na harufu yake. Mlaji anamimina matone machache, anachanganya, anaendelea. Haihitaji mashine na viungo vyake vya lazima ni vitatu tu. Inachohitaji ni kuelewa kazi ya siki, maana siki ndiyo inayoilinda pilipili isioze. Ukiipunja, hakuna kiungo kingine kitakachoziba pengo lake. Majibu mengi hapa chini yanarudi kwenye jambo hilo.

Nianze na vipimo gani?

Kwa chupa moja ya mezani: siki nusu lita yenye asidi ya asilimia 5, pilipili mbichi gramu 100 na chumvi kijiko kimoja cha chai. Ukipenda, ongeza punje tatu au nne za kitunguu saumu. Kama huna mizani, gramu 100 za pilipili mbuzi ni kama kumi hadi kumi na mbili za ukubwa wa wastani. Pilipili kichaa ni kikombe cha chai kilichojaa.

Osha pilipili zikiwa bado na vikonyo vyake ili maji yasiingie ndani. Zitandaze kwenye kitambaa safi mpaka zikauke kabisa, ndipo utoe vikonyo. Itupe yoyote yenye doa laini au weusi kwenye kikonyo, hata kama sehemu iliyobaki inaonekana nzima. Pasua kila pilipili, zipange kwenye chupa iliyochemshwa, pasha siki pamoja na chumvi, kisha imimine mpaka izifunike zote. Ikipoa, funga na uweke kabatini, mbali na jua na jiko. Baada ya wiki mbili unaweza kuonja. Mimi huona ladha yake inakaa sawa kuanzia wiki ya tatu, na baada ya wiki ya nne haibadiliki sana.

Kwa nini nizipasue? Nimeona watu wanatia pilipili nzima.

Pilipili ina uwazi ndani, na uwazi ule umejaa hewa. Ukiitumbukiza nzima inaelea, mgongo wake unabaki nje ya siki, na hapo ndipo ukungu unapoanzia. Ngozi yake nayo ina nta inayozuia siki kupenya, kwa hiyo unaweza kukaa na chupa wiki kadhaa huku nyama ya ndani haijaonja asidi hata kidogo.

Chukua pilipili mbuzi moja na uipasue upande mmoja kuanzia karibu na kikonyo hadi nchani, bila kuitenganisha. Itumbukize kwenye siki na uibonyeze kwa kijiko. Utaona mapovu yanatoka mfululizo kwenye ule mpasuo, kisha pilipili inazama taratibu. Mapovu yakikoma, siki imeshajaza nafasi ya hewa. Hivyo ndivyo kila pilipili kwenye chupa inavyopaswa kuwa. Kwa pilipili kichaa, ambazo ni ndogo mno kupasua moja moja, toboa mara mbili au tatu kwa kijiti cha meno au sindano safi. Kazi inachosha lakini usiiruke.

Zikiendelea kuelea siku ya kwanza, tikisa chupa asubuhi na jioni. Zikikaidi kabisa, weka juu yake kipande cha karoti kilichokatwa kwa kipimo cha shingo ya chupa, kizikandamize chini ya siki, na karoti yenyewe izame pia.

Siki ipi ni nzuri?

Soma lebo kabla ya kuangalia bei. Tafuta iliyoandikwa asidi ya asetiki asilimia 5. Ya asilimia 4 ni dhaifu kidogo, na kwa hiyo punguza pilipili. Kama lebo haisemi chochote kuhusu asidi, iache kwa kazi nyingine, kwa sababu huwezi kupima kinga ya kitu usichojua nguvu yake.

Siki nyeupe ya dukani ndiyo inayotumika na wengi. Ni ya bei ndogo, haina rangi, na inaacha harufu ya pilipili isikike peke yake. Ukali wake ni mkavu, kwa hiyo nusu kijiko cha chai cha sukari husaidia. Siki ya tufaha ina utamu wa tunda na inaendana sana na pilipili mbuzi. Ndiyo ninayoichagua kwa samaki wa kukaanga. Siki ya kahawia ya malti inapendeza kwa chipsi na mhogo, lakini inaficha rangi, kwa hiyo huwezi kuona vizuri kinachoendelea ndani ya chupa.

Kuna hatari moja ya kuisema waziwazi. Yako maduka yanayouza asidi ya siki iliyokolea, ya kuchanganywa na maji na mnunuzi mwenyewe. Asidi ya namna hiyo inaunguza ngozi, koo na macho, na watu hukosea vipimo. Usiinunue kwenye chupa ya maji isiyo na lebo, na usiiweke kamwe mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia. Siki iliyotengenezwa kwa usafi wa nyumba nayo si ya kuliwa.

Nichague pilipili gani?

Inategemea unatafuta ukali au harufu. Pilipili kichaa inachoma haraka na kwa kasi, lakini harufu yake ni ndogo. Hiyo ni ya supu. Pilipili mbuzi kwa kawaida ina ukali zaidi ya kichaa, na juu ya hapo ina harufu kama ya matunda, harufu inayobaki kwenye siki hata pilipili zenyewe zikishaondolewa. Kwa maoni yangu hakuna inayoishinda kwenye chupa ya siki. Pilipili ndefu nyembamba, zile ambazo Dar es Salaam huitwa mwendokasi, zina ukali wa kadiri na zinapendeza machoni zikisimama ndani ya chupa.

Ukali hupimwa kwa kipimo alichobuni mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville mwaka 1912. Jamii ya pilipili kichaa huwa kati ya 50,000 na 100,000, na jamii ya pilipili mbuzi kati ya 100,000 na 350,000. Pilipili hoho ni sifuri. Namba hizi ni za kukadiria tu. Mti uliokosa maji hutoa pilipili kali kuliko mti ulionyweshwa kila siku.

Kuhusu mbegu: wengi wanaamini ukali umo ndani ya mbegu. Ukali umo kwenye utando mweupe unaozishika mbegu. Mbegu zinachoma kwa sababu zimegusana nao. Ukitaka siki ya upole, kwangua utando huo kwa ncha ya kijiko na utupe, hata mbegu zikibaki chache.

Naweza kujaza pilipili mpaka shingoni? Nataka iwe kali kweli.

Hapana, na sababu yake ni hesabu. Pilipili mbichi ni maji kwa karibu asilimia 88. Maji hayo hayabaki ndani ya pilipili. Yanatoka na kuchanganyika na siki. Nusu lita ya siki ya asilimia 5 ikipewa gramu 100 za pilipili inashuka mpaka kama asilimia 4.2. Hapo bado ina nguvu. Ukiipa gramu 400, inashuka chini ya asilimia 3. Kwa macho chupa inaonekana nzuri, imejaa na rangi zinang'aa, lakini nguvu ya siki iliyomo ni kama asilimia 60 tu ya ile uliyonunua, na chachu na ukungu vinavumilia asidi hafifu kuliko bakteria wengi.

Ukitaka ukali zaidi, badili aina ya pilipili au zikate vipande vidogo badala ya kuongeza idadi. Njia nyingine inayofanya kazi: baada ya wiki tatu chuja pilipili za kwanza, pasha siki ileile, na uimimine juu ya pilipili kavu. Kavu hazina maji ya kuipunguza nguvu.

Nipashe siki au niitie baridi?

Zote mbili zinafaa ikiwa siki ni ya asilimia 5 na pilipili ni safi. Siki ya moto inaua vijidudu vilivyo juu ya ngozi ya pilipili, inapenya haraka na inatoa ukali mapema. Gharama yake ni kwamba pilipili zinalainika. Siki baridi inaacha pilipili zikiwa na mkato zinapotafunwa, na harufu mbichi inabaki, ila utasubiri wiki nne au zaidi.

Kwa anayeanza nashauri ya moto. Lakini usiichemshe ikatokota. Kama una kipimajoto, lenga nyuzi 85 hadi 90. Kama huna, tazama chini ya sufuria: vipovu vidogo vikianza kushikana chini na mvuke ukapanda juu, ondoa motoni. Siki inayotokota inapoteza harufu na mvuke wake unakaba koo. Fungua dirisha, simama upande ambao mvuke hauji, na waondoe watoto jikoni unapomimina, maana siki ya moto ikikutana na pilipili iliyopasuliwa, nyumba nzima inakohoa.

Sufuria zangu zote ni za alumini. Kuna tatizo?

Ndiyo, lipo. Asidi inakula alumini. Utaona ule weusi wa ndani ya sufuria umetakata, na ladha ya chuma imehamia kwenye siki. Shaba ni mbaya zaidi. Tumia sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli isiyobanduka.

Kama huna, ipo njia rahisi. Mimina siki kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, isimamishe ndani ya sufuria yako ya alumini juu ya kitambaa kilichokunjwa, tia maji ya kawaida kwenye sufuria mpaka nusu ya chupa, kisha washa moto mdogo. Maji yanapata moto pamoja na chupa, siki inapashika bila kugusa alumini, na chupa haipasuki kwa sababu joto limepanda taratibu.

Chupa niiandae vipi?

Kioo, si plastiki. Osha kwa sabuni, suuza mpaka harufu ya jamu au mayonezi iishe, kisha chemsha ndani ya maji dakika 10. Hizo dakika 10 ni za Mombasa, Tanga na Unguja. Juu milimani maji yanatokota kabla hayajapata joto kamili: Nairobi, iliyo kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yanatokota karibu nyuzi 94 badala ya 100. Ongeza dakika moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa hiyo Nairobi chemsha dakika 16, na Arusha kama 15.

Itoe, ipindue juu ya kitambaa safi, iache ikauke kwa hewa. Mimina siki ya moto wakati chupa bado ina joto, la sivyo itapasuka. Kifuniko cha bati hushika kutu haraka kwa mvuke wa siki. Kama ndicho ulicho nacho, tandika kipande cha mfuko safi wa plastiki wa chakula kati yake na mdomo wa chupa. Kizibo cha plastiki au cha kioo ni bora.

Kitunguu saumu kimegeuka kijani, chengine kama buluu. Nitupe?

Usitupe. Kitunguu saumu kina viambata vya salfa ambavyo vikikutana na asidi hutoa rangi ya kijani au buluu. Hutokea zaidi kwa saumu changa au iliyokaa kwenye baridi. Ladha haibadiliki na hakina madhara. Kama rangi inakusumbua, chovya punje kwenye maji yanayochemka kwa dakika mbili kabla ya kuzitia.

Juu ya siki kumekuwa na utando. Nitajuaje kama imeharibika?

Angalia sura yake. Utando laini, mweupe au wa rangi ya maziwa, unaoteleza, mara nyingi ni mama wa siki: bakteria walewale wanaogeuza pombe kuwa siki. Huonekana zaidi kwenye siki ya tufaha au ya nazi ambayo haikupashwa. Hauna madhara, chuja, endelea kutumia.

Ukiona vinyweleo, madoa ya kijani, meusi au ya waridi, huo ni ukungu. Hapo chupa yote inatupwa, siki na pilipili. Kuchota sehemu iliyoota na kubakiza nyingine hakufai, kwa sababu ukungu kuota juu ya siki ni dalili kwamba asidi imepungua. Tupa pia chupa inayotoa povu ukiifungua, iliyovimba kifuniko, au inayonuka kitu kingine mbali na siki na pilipili.

Siki kuwa na weupe kidogo kama maji ya mchele chini ya chupa si ukungu huo, na hauna neno. Huo ni unga wa pilipili na saumu uliotua.

Nimesikia vyakula vya chupa vinaweza kuua. Na hii je?

Hofu hiyo ina msingi. Bakteria anayeitwa Clostridium botulinum huishi mahali pasipo hewa na hutoa sumu isiyo na harufu wala ladha, inayolegeza misuli mpaka ya kupumulia. Lakini hawezi kukua pale ambapo pH, yaani kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi inazidi, iko chini ya 4.6. Siki ya asilimia 5 iko karibu 2.4, mbali sana na mpaka huo. Ndiyo maana nasisitiza vipimo: siki kamili, pilipili iliyopasuliwa, na kila kitu kizame.

Hatari kubwa iko kwenye chupa nyingine inayofanana na hii, ile ya pilipili au kitunguu saumu ndani ya mafuta. Mafuta hayana asidi na yanazuia hewa, yaani yanampa bakteria huyo kila anachotaka. Pilipili mbichi ya mafuta ya nyumbani ni ya friji na ya kuliwa ndani ya siku chache. Usichukue vipimo vya siki ukavipeleka kwenye mafuta, na usimimine mafuta juu ya siki "kuifunika".

Pilipili zangu za kijani zimekuwa na rangi ya kahawia hafifu.

Asidi inaondoa magnesiamu kwenye umbijani, ile rangi ya majani, na kijani kinageuka rangi ya zeituni. Ni kawaida. Nyekundu na njano zinadumu zaidi, ingawa nazo hufifia mwangani. Kama unataka chupa ya kupendeza mezani, tumia nyekundu zilizoiva na uifiche jua.

Pilipili kavu zinafaa?

Zinafaa sana. Gramu 20 hadi 25 zinatosha nusu lita, na siki iwe ya moto ili zilainike. Harufu yake ni nzito zaidi, inakaribia ya moshi. Jambo la kuchunga ni ukungu kabla ya chupa: pilipili zilizokaushwa chini kwenye udongo au kuhifadhiwa na unyevu zinaweza kuwa na sumukuvu, ileile inayosumbua mahindi na karanga. Siki haiiondoi. Pasua mbili tatu, tazama ndani. Ukiona vumbi la kijivu au harufu ya uvundo, zirudishe zote.

Naweza kuongeza viungo gani?

Pilipili manga nzima, vipande vya tangawizi, mbegu za haradali, kijiti kifupi cha mdalasini. Karafuu, tia mbili tu. Ya tatu inaiteka chupa. Viungo viwe vizima, kwani vya kusaga vinaitia siki tope. Embe bichi, karoti na vitunguu maji ni vizuri, lakini ukivitia kwa wingi umeingia kwenye achari, ambayo ina vipimo vyake vya chumvi na siki. Ndimu haiwezi kuchukua nafasi ya siki katika chupa ya kukaa kabatini, kwa kuwa ukali wake hutofautiana kati ya ndimu moja na nyingine.

Inakaa muda gani, na naweza kuongeza siki ikipungua?

Kabatini, kwa ubora wake, miezi mitatu. Kwenye friji, miezi sita hadi minane. Katika joto la pwani mimi huiweka friji mara tu ikishakolea, na kuitoa wakati wa kula.

Kuongeza siki inawezekana mara moja au mbili, mradi pilipili bado ni nzima na siki unayoongeza ni ya asilimia 5. Baada ya hapo ladha imekwisha; anza upya. Chupa nyingi za mezani haziharibiwi na muda, zinaharibiwa na vijiko. Kijiko kilichotoka kwenye mchuzi kinaingia na mafuta na chembe za nyama. Toboa kifuniko matundu mawili, la kumiminia na la hewa, na hakuna atakayehitaji kijiko.

Mikono inaniwaka tangu jana. Nifanye nini?

Kinachowasha ni kapsaisini, nayo haiyeyuki vizuri kwenye maji. Inayeyuka kwenye mafuta. Paka mafuta ya kupikia mikononi, sugua dakika moja, kisha osha kwa sabuni ya kuoshea vyombo. Rudia. Mdomoni, maziwa au mtindi husaidia kuliko maji. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi yanayotiririka kwa dakika 15, usisugue, na maumivu yasipopungua nenda hospitali. Wenye lenzi za macho wavae glavu tangu mwanzo. Na wanaonyonyesha wachunge: kapsaisini hukaa kwenye ngozi ya vidole hata baada ya kunawa mara moja.

Siki ni halali? Na siki ya tembo la mnazi?

Siki kwa asili yake ni halali na inasifiwa kama kitoweo. Siki nyeupe inayotengenezwa kwa kuchanganya asidi ya asetiki na maji haikupita kwenye pombe ya kunywewa. Kwa tembo, lililogeuka lenyewe bila kutiwa kitu ni halali kwa wanazuoni. Lililogeuzwa makusudi kwa kutiwa kitu lina hitilafu: madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, hayalikubali, Hanafi wanalikubali. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Kuhusu usalama, siki ya nazi uliyojitengenezea haijulikani asidi yake. Inapendeza mno, ina ulaini ambao siki ya dukani haina, lakini itumie kwa chupa ndogo ya friji inayoliwa ndani ya wiki mbili au tatu. Kwa ya kabatini, ipime kwanza.

Nina vidonda vya tumbo.

Basi muulize daktari wako kabla ya kuila, kwani asidi na kapsaisini kwa pamoja vinaweza kuamsha maumivu. Kiungulia cha wajawazito nacho kinachochewa na vyote viwili. Na kwa wanaouliza kama kunywa siki ya pilipili asubuhi kunapunguza mwili: usiinywe. Inachubua meno na koo. Ni kitu cha kutonesha juu ya chakula.

Niko Ulaya na sipati pilipili mbuzi.

Tafuta Scotch bonnet au habanero kwenye maduka ya Wakaribi na ya Waafrika Magharibi. Ni za jamii moja na harufu ni ileile. Ujerumani chunga chupa ya Essigessenz: ni asidi ya asilimia 25, si siki ya kutumia hivihivi. Sehemu moja kwa sehemu nne za maji inakupa asilimia 5.

Nataka kuuza. Nianzie wapi?

Anzia kwenye kipimo cha pH. Karatasi za litmasi hazitoshi, zinaonyesha tu kama kitu ni asidi. Unahitaji kipimo chenye namba. Saga pilipili na siki pamoja, pima baada ya wiki mbili, andika tarehe na matokeo ya kila pishi. Kwa Tanzania Bara usajili wa vyakula uko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu 2019, na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hutoa mafunzo ya usindikaji kwa wajasiriamali wadogo. Kenya ni KEBS, shirika la viwango la huko. Usitumie chupa kuukuu za vinywaji kwa biashara; huwezi kujua zilibeba nini kabla yako, na mnunuzi hana namna ya kujikinga.

Siki imekwisha. Pilipili zilizobaki nizifanye nini?

Zisage na punje za saumu mbichi, chumvi na vijiko viwili vya siki mpya. Unapata pilipili ya kusaga yenye uchachu, nzuri kwa mhogo wa kukaanga na samaki wa kuchoma. Iweke friji, uimalize ndani ya wiki moja. Au zikatekate uzitie kwenye kachumbari ya pilau mahali pa pilipili mbichi, na hapo punguza ndimu, kwani siki iliyomo ndani yake inatosha. Kwenye supu zitie mwishoni, sufuria ikiwa imeshaepuliwa.